Mfuko wa Blanketi la Jirani

Mtaani walimwita Sindano. Jina la kuzaliwa analo, lakini hata nyumbani lilishaanza kusahaulika. Wengine walisema ameitwa hivyo kwa ajili ya kazi, maana tangu mdogo mkono wake haukukaa bila uzi. Wengine walisema ni ulimi. Waliosema ulimi walikuwa wengi zaidi.

Alifanya kazi kwa Mama Pambo, kwenye duka la kona, ng'ambo ya nyumba yao. Chini kulikuwa na vifungo, zipu, nyuzi na vitambaa vya kukata. Juu kulikuwa na chumba kirefu chenye meza na madirisha makubwa, mahali pa darasa. Mama Pambo alipewa jina hilo kwa sababu machoni pake kila kitu kilikuwa pambo. Ukimwonyesha ndoo iliyotoboka, atainamisha kichwa upande na kusema, "Hili pambo hili."

Darasa lilikuwa la kina mama wenye nafasi zao. Sindano aliwapimia uzi, aliwakatia vitambaa, aliwafumulia walipokosea. Na alikuwa na maneno yake juu yao. Alisema hawa hawapendi kazi ya mikono, wanapenda mkumbo. Ulikuja mkumbo wa shanga. Ukaja wa mishumaa, mtaa mzima ukanuka nta. Ukaja wa chupa, na hakuna chupa iliyopona, zote zilipakwa rangi na kutiwa maua ya plastiki, mpaka waokota chupa wakawa wanarudi na magunia matupu. Ukaja wa udongo, vikombe visivyosimama na sahani zinazoyumba. Kila mkumbo ulipita na kuacha maboksi chini ya vitanda vya watu.

"Wao wakichoka na chupa wanahamia kwenye udongo," alimwambia babu yake mezani. "Yule anayeishi kwa kuokota chupa, yeye anahamia wapi?"

"Kula," babu alisema. "Chakula kinapoa."

Bibi yake alikuwa hai wakati huo. Alikuwa akikaa dirishani, na kutoka pale alikiona kibaraza cha duka la Mama Pambo. Kwenye kibaraza hicho alilala mtu. Mtu wa makamo, mrefu, mpole, mwenye begi moja. Kila asubuhi alikunja maboksi yake akayaegemeza ukutani, kisha akachana nywele polepole, bila kioo, kama mtu anayejiandaa kwenda ofisini. Akamaliza, akaenda zake sokoni kupakua mizigo. Watu walimwita mlala nje. Bibi alimwita Jirani.

"Jirani gani hana mlango?" Sindano alimuuliza siku moja, bado mtoto.

"Analala hatua chache tu kutoka kwangu. Unataka nimwite nani, mgeni?"

Jina likashika.

Mwaka aliougua, bibi alishona blanketi la viraka. Ndiyo kazi yake ya mwisho. Alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mishono yake ililalia upande usiozoeleka, kama mvua iliyopigwa na upepo wa kigeni. Alikata pazia la jikoni. Alikata gauni lake la kijani, sare ya shule ya Sindano yenye doa la wino, na suruali ya kazi ya babu. Kipande cha suruali kilikuwa na mfuko. Hakuufumua, na mdomo wake aliuacha wazi.

"Bibi, umesahau mfuko."

"Sijasahau. Mtu asiye na kabati ataweka wapi vitu vyake?"

Hapo ndipo walipojua blanketi ni la nani. Babu alikuwa amekaa karibu. Muda wote ule alidhani ni lake.

Bibi alifariki kabla ya miezi ya baridi. Msiba ulipoisha, Sindano alivuka barabara na blanketi mikononi. Jirani alisimama. Kabla ya kulipokea alinawa mikono kwa maji ya chupa, akaikausha kwenye shati lake. Alilipokea kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo babu alikuwa akisimama dirishani asubuhi, kutazama linavyokunjwa.

"Analikunja vizuri," alisema mara moja. Basi.

Halafu ukaja mkumbo wa viraka.

Sindano alicheka mpaka akashika meza. Kina mama walinunua kitambaa kizima, kipya, wakakikata vipande vipande, kisha wakanunua uzi wa kukirudisha. Walitaka kifanane na kitu kilichochakaa. Walikuwepo waliokisugua sakafuni ili kipauke.

"Wangeniambia mimi," alisema nyumbani. "Ningewaletea vilivyochakaa vyenyewe, na waliovichakaza."

Mkumbo huu ulikuwa mkubwa kuliko yote. Darasa likajaa, ngazi zikajaa viatu vizuri, na Mama Pambo akaanza kuona kibaraza chake kina kasoro. Wateja hawakupenda kuingia mahali penye maboksi ya mtu. Akawaita askari wa manispaa.

Siku hiyo Sindano hakuwepo. Alikuwa amempeleka babu kliniki ya macho. Walipokuwa wanarudi aliona kibaraza kimelowa, maji yakitiririka mpaka barabarani. Hapakuwa na boksi wala begi. Mama Pambo alikuwa amesimama mlangoni na ndoo.

"Yule mtu yuko wapi?" Sindano aliuliza.

"Mtu gani? Aa, yule. Wamemsaidia kuhama."

"Kuhamia wapi?"

"Mdogo wangu, mimi ni wakala wa nyumba?"

Kuanzia jioni ile alimwaga maji kila alipofunga duka, ili pasilalike.

Wiki iliyofuata Sindano alipanda darasani na bunda la vitambaa, akalikuta blanketi ukutani. Limefuliwa. Limepigwa pasi. Limepulizwa manukato na kutundikwa kwenye ufito uliong'arishwa. Mdomo wa mfuko ulikuwa umeshonwa kwa cherehani, mshono wa haraka wa uzi mweupe, ili usilegee ukaharibu sura. Doa la wino lilikuwepo bado.

"Umeona mambo hayo?" Mama Pambo alisema nyuma yake. "Nimeletewa kutoka mbali sana. Mafundi wa kale. Tazama mishono ilivyolala, siku hizi nani anajua hivi? Na huo mfuko ni pambo tupu."

"Ni la zamani sana?"

"Miaka mia. Labda na zaidi."

Sindano alikitazama kipande cha sare yake. "Basi mtoto aliyevaa hiki cha bluu sasa ni mzee kweli."

"Alishakufa huyo," Mama Pambo alisema, akashuka kuhudumia wateja.

Sindano aliweka bunda chini. Wanaomjua wangesubiri maneno, na yeye mwenyewe aliyasubiri. Hayakuja. Kilichokuja kilikuwa baridi na kimya, kikakaa kifuani kama pasi isiyotiwa moto. Maneno angeyatoa siku moja yakaisha. Hiki hakikuwa cha siku moja.

Jioni alimsimulia babu. Babu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu.

"Mfuko wameushona?"

"Wameushona."

Babu alisogeza sahani pembeni. "Fanya utakachofanya. Mimi usiniambie."

Nafasi ilikuja yenyewe. Kina mama walilipenda blanketi la ukutani, wakataka kushona yao yafanane nalo, mfuko na kila kitu. Mama Pambo hakuujua mshono ule. Cherehani alijua kuikanyaga, lakini sindano ya mkono ilimshinda.

"Wewe ndiye mwenye mkono," alimwambia Sindano. "Wafundishe."

Sindano akawafundisha bandi.

Fundi yeyote anaijua bandi. Ni mishono mirefu ya kushikiza tu, ya kukifanya kitambaa kitulie kikisubiri mshono wenyewe. Ukishashona, unaivuta na kuitupa. Uzi wake haufungwi mwisho. Sindano aliwaonyesha, mkono wake ukienda kama mtu anayesuka ukili, akawaambia huu unaitwa mshono wa mababu. Waliupenda sana, maana ulikwenda haraka.

"Haufumuki?" aliuliza mke wa daktari wa meno. Huyo alikuwa mama mnene mwenye kicheko, na ndiye pekee darasani aliyeuliza maswali.

"Sijawahi kuona nguo ya mtu imefumuka bandi," Sindano alisema. Na ni kweli, kwa sababu hakuna anayevaa nguo iliyo kwenye bandi.

Mifuko nayo walishona. Kila mmoja alipachika mfuko wake, na kwa kuwa wa ukutani umefungwa, wakaifunga yote pande zote nne. Mifuko isiyoingia hata kidole. Sindano alipita nyuma yao akisifia. "Vizuri, mama. Hapo umepatia." Alikuwa akishiba. Aliona siku ile watakapoyatia kwenye maji, viraka vikiachana kimoja kimoja na kuelea kwenye beseni, nyuzi zikibaki zimejiviringa kama nywele. Aliona wakimjia Mama Pambo na marundo mikononi. Aliiona sura yake. Alilala na picha hiyo na kuamka nayo, na chakula kilimwendea vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mablanketi yalipokaribia kwisha, Mama Pambo alipanda darasani akapiga makofi.

"Kina mama, nina wazo. Haya tuliyoshona hatubaki nayo. Tunayatoa. Kuna watu wanalala nje kule stendi, baridi inawala, na sisi tuna joto mikononi. Jumamosi tunafanya sherehe hapa hapa, wapiga picha watakuwepo."

Kina mama walifurahi. Mmoja alifuta machozi. Sindano alijichoma kidole.

"Yote?" aliuliza.

"Yote. Na wewe nitafutie mmoja wao wa kupokea kwa niaba ya wenzake. Asiwe ananuka. Lakini asiwe msafi sana, watu hawataamini."

"Nitakutafutia," Sindano alisema.

Alikwenda stendi mchana ule ule. Jirani alikuwa nyuma ya vibanda vya tiketi, pamoja na watu wengine waliotandika maturubai ukutani. Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa zimesimama kila upande, na alipomwona Sindano jambo la kwanza alizifunika kwa kiganja.

"Shikamoo, Jirani."

"Marahaba, mjukuu wa jirani. Nisamehe nywele. Kitana changu kimo mfukoni mwa blanketi. Walivyokuja walilivuta na kitana humo humo. Nimekuwa nacho tangu nina nyumba."

Sindano alimtazama. "Kimo mpaka sasa?"

"Sijui. Kilikuwemo."

"Ameufunga mfuko kwa cherehani. Angekikuta angekitoa." Alifikiri. "Ina maana hakutia mkono ndani."

"Kwa nini asitie mkono?"

"Kwa sababu ni wako."

Sindano alichuchumaa, akamweleza mpango wote. Atakwenda Jumamosi. Atapewa blanketi jipya. Aseme analitaka lake, lile la ukutani, na mbele ya watu wote aseme kilichomo mfukoni.

"Mimi nataka blanketi na kitana," Jirani alisema. "Hiyo vita ni yako."

"Ni ya bibi."

"Bibi yako alikuwa na vita na nani? Ni yako." Alikuna kichwa. "Lakini nitakuja. Usiku nasikia baridi mpaka kwenye meno."

Mwanamke aliyekuwa kwenye turubai la pili alikuwa akisikiliza. Alikuwa na mtoto mgongoni anayekohoa, kikohozi kile kikavu kisicho na mwisho.

"Dada, ni kweli tunaletewa mablanketi?"

"Ni kweli."

"Yanafulika? Huyu usiku anatapika kwa kukohoa. Nikipewa kitu nisichoweza kufua, heri nisipewe."

Ulimi wa Sindano, ule ambao mtaa mzima ulikuwa ukiukwepa, ulilala. Alisimama, akajifuta magoti yasiyo na vumbi, akaondoka.

Nyumbani alimwambia babu ingawa alikatazwa.

"Nimewafundisha bandi. Wote. Nilijua ni ya kuweka kwenye makochi yao. Sasa yanakwenda stendi, babu, na yakiguswa na maji yanaachana."

Babu alisogea dirishani, akakitazama kibaraza kilicholowa.

"Hasira yako imepotea njia," alisema. "Irudishe ilikotoka."

Angeweza kuyachukua na kuyashona mwenyewe kimyakimya. Hilo lingekuwa jambo la kiungwana. Sindano alilifikiria barabara nzima, na alipofika mlangoni, akakanyaga pale penye maji, aliona hana uungwana wa kumgawia mtu wa duka lile.

Alipanda darasani akasimama mbele ya meza.

"Kina mama, hongereni. Tumemaliza kushikiza. Sasa tunaanza kushona."

"Kwani tulikuwa tunafanya nini?" aliuliza mke wa daktari wa meno.

"Bandi. Kazi ya kuanzia tu. Sikuwaambia mapema nisiwavunje moyo."

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka chini. Sindano alizingoja zipoe, akawagawia sindano nyembamba. Siku zilizobaki aliwashonesha kama watu waliohukumiwa. Mishono midogo, ya punje za mchele. Kila kiraka pande zote, kila uzi ufungwe mwisho mara mbili. Aliyeruka sehemu alirudishiwa. Aliyesema macho yanamuuma aliambiwa asogee dirishani. Vidole vilivimba, migongo ikagoma, kucha zilizopakwa rangi zikakatika. Mama mmoja alilia, akasema alikuja kujiburudisha.

"Kazi ya mikono ndiyo hii," Sindano alimwambia. "Ile ya kwanza ilikuwa mchezo wa mikono."

"Binti, una roho mbaya wewe."

"Ninayo, mama. Geuza upande wa pili."

Kisha akawaambia waifungue mifuko. Hapo Mama Pambo alipanda mbio.

"Mifuko hapana. Ule wa ukutani umefungwa, na hilo ndilo pambo lake."

"Jumamosi mtu akitaka kutia mkono mfukoni ukagoma, mpiga picha ataipiga hiyo hiyo."

Mama Pambo aliinamisha kichwa upande, akaiona picha hiyo. "Fungueni," alisema.

Kufikia Ijumaa mablanketi yalikuwa mablanketi. Sindano alivuta kila moja kwa nguvu zake zote, goti likiwa katikati, na hakuna lililoachia hata uzi. Mke wa daktari wa meno alibaki wa mwisho, amelilaza lake mapajani.

"Nani atalala na hili?" aliuliza.

"Mtoto anayekohoa."

Mama yule alichomeka tena sindano na kurudia pembe moja ambayo Sindano alishaipitisha.

Jumamosi chumba kilipambwa puto. Kina mama walikuja wamevaa, wengine na waume zao. Watu wa stendi waliambiwa wasubiri chini. Blanketi la bibi lilikuwa ukutani nyuma ya meza ya wageni, taa ikiliangaza. Jirani alikalishwa kwenye kiti mbele ya watu, magoti pamoja, kiganja kwenye nywele. Sindano alikuwa amesimama pembeni, mkasi wa duka mfukoni mwa aproni.

Mama Pambo hakumtambua Jirani. Alikuwa akimwona kila asubuhi kwa miaka, lakini alikuwa akimwona akiwa amelala.

Alizungumza juu ya joto, juu ya mikono, juu ya kugusa maisha. Kisha akamwekea Jirani blanketi jipya mapajani, akageukia kamera.

"Sema neno, baba."

Jirani alisimama. "Nashukuru. Limeshonwa vizuri. Hili mpeni yule mama aliyeko chini, mwenye mtoto mgongoni. Mimi ninalo langu."

"Unalo? Liko wapi?" Mama Pambo bado alikuwa akitabasamu.

"Hilo hapo."

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha. Mama Pambo naye akacheka. "Baba, hilo lina miaka mia."

"Sijui miaka yake. Nimekuwa nikilala nalo hapo chini kwenye kibaraza, mpaka mlipokuja na askari. Lina mfuko. Mfukoni kuna kitana changu cheusi, meno yake mengi yameanguka."

"Huyo ni mgonjwa wa mume wangu," mke wa daktari wa meno alisema, watu wakacheka tena. Lakini safari hii hawakucheka sana, walikuwa wameanza kuutazama mfuko.

"Huo mfuko ni pambo," Mama Pambo alisema. "Haufunguki."

"Haufunguki kwa sababu uliushona," Sindano alisema.

Alikuwa ameshafika ukutani, kiti chini ya mguu, mkasi mkononi. Mama Pambo alimsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini, meno yakiwa pamoja, "Ukigusa hilo blanketi, usirudi hapa."

"Sawa," Sindano alisema, akakata uzi mweupe.

Alitia mkono. Aliutoa na kitana.

Hakuna aliyecheka. Mama Pambo aliwageukia wageni. "Nilikuwa nimemhifadhia," alisema. "Niliogopa lingepotea."

Neno hilo lilikuwa mlango. Kila mtu angeweza kupita hapo na kwenda nyumbani. Jirani alimwangalia Sindano, akitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayeomba kitu kwa macho: yaishe. Alikuwa na blanketi lake. Alikuwa na kitana. Alichokijia amekipata.

Sindano aliuona mlango, akaufunga.

Alisema yote, pale juu ya kiti. Alisema habari za askari na za maji ya kila jioni. Alionyesha doa la wino, akasema siku alipolipata. Alionyesha suruali ya babu yake. Alisema, "Fundi wa kale aliyeshona hili ni bibi yangu. Aliishi nyumba hiyo hapo, mnaiona dirishani. Alikuwa akinunua uzi hapa chini. Mama huyu alikuja kumzika, na bibi bado hajatimiza mwaka kaburini. Hiyo ndiyo miaka mia."

Kamera zilikuwa zinaendelea. Mama Pambo alikuwa amesimama katikati ya puto zake na mikono imelegea, rangi imemtoka usoni, na Sindano aliitazama sura hiyo kwa makini, sehemu baada ya sehemu, kama mtu anayekagua mshono. Ilikuwa nzuri kuliko alivyoiota.

Jirani alikipuliza kitana kutoa nyuzi zilizonasa. Kisha, mbele ya wageni wote, polepole, bila kioo, akachana nywele zake.

Mablanketi yaligawiwa chini barabarani, bila hotuba. Kina mama waliyabeba wenyewe.

Jirani alivuka barabara na Sindano, blanketi begani. Babu alikuwa mlangoni. Hakuuliza kilichotokea. Alinyoosha mikono, na Jirani akampa. Babu alilikunjua kidogo, akakishika kipande cha kijani, cha gauni, akakipeleka puani. Alikaa hivyo. Alijaribu upande mwingine. Akajaribu ule wenye pazia la jikoni.

"Wamelifua," alisema.

Lilikuwa likinukia manukato ya duka, kama ukumbi wa harusi. Dawa ya kuchua, moshi, mkono wenyewe wa bibi, vyote vilikuwa vimekwenda na maji.

"Mzee, ukitaka libaki kwako," Jirani alisema.

"Alisema ni lako." Babu alilikunja, akamrudishia, akaingia ndani. Mlango wa chumba chake ulifungwa taratibu.

Sindano alibaki kizingitini. Mpaka dakika ile alikuwa amedhani amemaliza. Alikuwa ameridhika kama mtu aliyekula. Sasa aliona kuna kitu kilichochukuliwa ambacho hakuna mkasi wa kukitoa mfukoni, na kwamba babu yake ndiye aliyenyang'anywa, na kwamba yule mama hatajua kamwe kuwa alikichukua. Alikimwaga tu na maji ya sabuni.

"Umetosheka?" Jirani alimuuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Nenda ukalale, Jirani. Baridi inaingia."

Jumatatu asubuhi alitoa kiti cha jikoni, akakiweka nje ya nyumba yao, uso kwa uso na mlango wa duka. Akakaa na kazi yake mapajani, sindano na uzi. Mteja wa kwanza aliyekuwa anavuka kwenda dukani alisimama.

"Sindano, vipi leo uko huku?"

"Una haraka, mama?"

"Sina sana."

Sindano akamsimulia. Alianza tangu mwanzo, tangu suruali ya babu na mfuko, bila kupaza sauti, bila kutukana. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, akatazama kibaraza, akageuka akarudi alikotoka. Akaja mwingine. Naye akasimuliwa, tangu mwanzo. Akaja wa tatu na mwenzake. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Darasani meza zikaanza kuonekana ndefu.

Siku moja Mama Pambo alitoka. Alisimama pale pale kibarazani, safari hii bila ndoo.

"Mdogo wangu," alisema. "Hayajaisha tu?"

"Bado," Sindano alisema, akamgeukia yule aliyekuwa akimsikiliza. "Tulikuwa tumefika kwenye maji."